Kipande Cheusi cha Nakundwa

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, iko moja ninayoikumbuka kuliko nyingine, nayo haikuwa ya harusi wala ya msiba. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, baada ya mvua, hapa hapa Ngujini. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya mbao, nimeshika kijiwe cheusi, watu wote wa kambi wananitazama mdomo. Nikasema maneno matatu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole nimejikwaa mara nyingi katika milima hii na kila mara limepona. Ulimi nilijikwaa mara moja tu, na mpaka leo nauguza.

Siku hizi vijana hunijia na mawe meusi. Wengine wanatoka Kighare kwa miguu, wengine wanapandishwa na bodaboda kutoka Mwanga, mawe yamejaa mifukoni. "Shikamoo bibi. Tumeambiwa wewe unayajua." Nawaitikia marahaba, nawapa kiti, nayatazama mawe yao moja moja. Sina haraka. Wakishaondoka nyumba inarudia ukimya wake. Wanangu wako Dar es Salaam na Arusha, baba yao ametangulia mbele za haki, na kuku wangu si wasemaji wazuri. Basi wewe uliyebaki wenzako walipoondoka na mawe yao, kaa nikueleze nilivyoyajua mawe na kilichonipata kwa kuyajua.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Watafiti walikuja kuchimba katika shamba lililo juu ya kijiji, wakitafuta mabaki ya watu wa kale: vigae vya vyungu, mifupa, majivu ya mioto iliyozimika kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Kiongozi wao tulimwita Bwana Mashimo, naye hakukasirika. Hata akibisha hodi kwa watu alijitaja hivyo hivyo. Alitaka vijana wa kuchekecha udongo, kuosha na kuchambua. Mimi nikachukuliwa, na Nakundwa pia.

Nakundwa alikuwa rafiki yangu tangu tulipokuwa tunatambaa. Kwao na kwetu palitenganishwa na mfereji tu wa maji ya shamba. Tulibatizwa Jumapili moja, tukaingia kwaya siku moja, yeye sauti ya kwanza, mimi ya pili. Kila mtu aliniita Elisifa. Yeye peke yake aliniita Sifa. Mama yake alifariki Nakundwa akiwa mdogo, akalelewa na babu yake, Mzee Mbonea, mhunzi. Majembe ya dukani yalikuwa yameshafika zamani, na mivukuto ya ngozi ya mzee huyo, ile ya kupulizia moto, ilikuwa imetundikwa ukutani inakauka. Lakini nyuma ya nyumba yao mavi ya chuma yalikuwa bado yamejaa, yale makapi meusi yanayobaki mchanga wa chuma ukishayeyushwa. Tulipokuwa watoto tuliyachezea kama vyombo vya jikoni.

Siku ya kwanza kazini Bwana Mashimo alitutolea kipande cha kioo cha volkano kutoka kwenye kikasha chake. Kilikuwa cheusi kama jicho la mbuzi. "Hiki hakizaliwi katika milima yenu," alisema. "Mawe ya huku ni ya namna nyingine kabisa. Mkikiona humu shimoni, jueni kuna mtu alikibeba kwa miguu yake kutoka mbali sana. Kwa hiyo kimoja tu ni habari kubwa."

Akatufundisha kukitambua. Jiwe jeusi la kawaida limefubaa, hata ukilivunja halikurudishii mwanga. Turmalini, jiwe jingine jeusi la milimani, inang'aa, lakini ina mistari imenyooka kwa urefu wake kama shina la muwa. Kipande cha chupa kinadanganya sana, ila kiinue juani utakiona kijani au kahawia, na mara nyingi kina viputo vya duara ndani. Kioo cha volkano kikivunjika huacha mapindo yanayofuatana, kama viduara vya maji ulipotupa kokoto. Ni chepesi kuliko unavyodhani, na ukingo wake mwembamba ukiuelekeza kwenye jua unapitisha mwanga, rangi ya moshi. Na mavi ya chuma? "Hayo yatawasumbua kuliko yote," alisema, "kwa sababu upande mmoja yanaweza kung'aa kama kioo chenyewe. Msiamini upande mmoja. Yageuzeni. Chini mtakuta vitundu, mtakuta kutu, mtakuta udongo uliounguzwa. Yapimeni uzito. Na sumaku ipo mezani. Si yote yanayovutwa na sumaku, lakini mengi yanavutwa."

Nililishika somo hilo kuliko wenzangu. Baada ya wiki mbili kila kipande cheusi kililetwa kwangu. "Mpelekeni Elisifa." "Elisifa kasemaje?" Unajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilianza kutembea kichwa juu, hata njia ya kisimani nilikuwa naipita kama mke wa mchungaji.

Siku moja Bwana Mashimo aliteremka Mwanga kutafuta spea ya gari, akasema atakaa siku tatu. Alasiri hiyo hiyo nikasikia Nakundwa ananiita kwenye chekeche: "Sifa, njoo uone!" Alikuwa ameshika kipande kidogo kimejaa tope, ukingo mmoja tu unang'aa. Moyo ukanilipuka. Nilikiweka kwenye sinia, nikaandika daftarini: kipande kimoja, cheusi, huenda kioo cha volkano. Ilikuwa zamu yangu kukiosha na kukifungia kikashani. Mara mvua ikashuka kutoka mlimani kwa kishindo, tukakunja turubai ovyo ovyo, kila mtu akakimbilia kwao. Na mimi nikakimbia.

Asubuhi sinia ilikuwa tupu.

Mwanangu, hofu niliyoisikia sijui nikufananishie na nini. Msimamizi wetu alikuwa mtu mkali, aliyewahi kuwa jeshini. Hakuuliza ni nani alikiacha nje. Aliamuru kila mtu akung'ute mifuko na kufungua pindo za nguo. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme ni uzembe wangu, nikaufunga. Nilijiambia ngoja kwanza. Hapo ndipo pindo la kanga ya Nakundwa lilipofunguliwa, na ndani mkawa na kipande cheusi, kinang'aa.

"Hiki ni cha nyumbani," Nakundwa akasema. "Ni mavi ya chuma. Babu alinipa siku tulipomzika mama, nishike nisilie."

Msimamizi akakichukua, akakizungusha vidoleni, kisha akaniwekea mkononi. "Elisifa, wewe ndiye unayejua. Ni chenyewe?"

Kilikuwa kizito. Nakwambia hivi ili usije ukadhani nilidanganywa na macho. Kiganja changu kilijua mara moja. Lakini kile cha jana nilikiona na tope, kwa dakika chache, mvua inakuja. Nikajipa nafasi ya kusema huenda. Moyo ulitaka kiwe kioo cha volkano, kwa sababu kikiwa hicho mimi sina kosa. Jua lilikuwa limeshatoka, sikukiinua. Sumaku ilikuwa mezani, hata hatua moja nisingepiga kuifikia.

"Ndicho chenyewe hiki," nikasema.

Nakundwa hakupiga kelele. Alinitazama mimi tu, kama wengine hawapo. "Sifa, kigeuze."

Sikukigeuza.

"Kigeuze tu, Sifa."

Nikakirudisha kwenye sinia, upande unaong'aa ukiwa juu. Msimamizi akamwambia avue aproni ya kambi aende zake. Akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kona ya meza, akashuka njia ya migombani peke yake.

Kijijini kwetu habari haihitaji simu. Kabla ya jioni ilikuwa imefika Kighare. Jumapili mwalimu wa kwaya alimwambia Nakundwa apumzike kwanza. Nakundwa akaenda kukaa benchi la nyuma, na waliokuwa wamelikalia benchi hilo wakapata sababu za kusogea mbele. Mimi niliimba sauti ya pili siku ile bila kusikia ya kwanza ninayoijua. Hata hivyo niliimba.

Bwana Mashimo aliporudi akafungua kikasha. Alikishika kile kipande muda mfupi kuliko ninavyolitamka jambo hili. "Nani ameandika hapa kioo cha volkano?"

"Mimi," nikasema.

Akakigeuza. Chini kulikuwa na vitundu kama vya kitumbua, na punje ya udongo mwekundu iliyounguzwa. Akakisogezea sumaku, ikakidaka. "Elisifa, haya ni mavi ya chuma. Wewe hata gizani ungeyajua. Ulikuwa mgonjwa?"

Alasiri tulipolitandaza turubai likauke vizuri, kitu chembamba kiliteleza kutoka kwenye pindo kikaangukia miguuni pangu. Nilikiosha. Kilikuwa chepesi kama gamba la samaki. Nilipokiinua juani ukingo wake ulikuwa na ile rangi ya moshi, tena safi. Ni mimi niliyelikunja pindo lile.

Bwana Mashimo alifuta mstari daftarini, akaandika upya, akamwagiza msimamizi ampelekee Nakundwa ujumbe arudi kazini. Ujumbe ulikwenda, Nakundwa hakuja. Wenye kambi wakaona limekwisha. Kwao lilikuwa kosa la daftari. Lakini kanisani nani alifuta mstari? Kisimani nani aliandika upya? Kijiji kiliendelea kumwita mwizi, na aliyeujua ukweli na kuweza kuusema alikuwa jirani yake. Kutoka mlangoni kwetu hadi kwao ni kuruka mfereji. Wiki tatu, mwanangu. Kila siku nilijiambia kesho. Nilimwona akianika nguo, nikainama nikajifanya napalilia.

Nilipouruka huo mfereji nilimkuta Mzee Mbonea peke yake, anamenya ndizi. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamuuliza Nakundwa yuko wapi.

"Amekwenda Same kwa shangazi yake. Jumatatu."

Nikapiga magoti nikaanza kulia na kueleza yote kwa mkupuo. Hakunikatiza wala hakuniinua. Nilipomaliza akasema, "Fumba macho. Toa mikono."

Akaniwekea kitu kiganja cha kulia, kitu kingine cha kushoto. "Kipi ni mavi ya chuma?"

"Cha kulia," nikasema. "Cha kushoto ni kipande cha chupa."

"Umefikiri muda gani?"

"Sikufikiri, babu."

Nikasikia kisu kinarudi kwenye ndizi. "Kumbe ulijua," akasema.

Ni hayo tu. Nimeshawahi kuchapwa fimbo na mama, nimeshakemewa na wakubwa wa kazi mbele za watu. Hakuna kilichoniingia kama maneno yale mawili yaliyosemwa na mzee anayemenya ndizi. Baadaye, nilipokuwa nimeshasimama, akaongeza: "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nenda kaseme ulipoharibu. Mimi usinitume."

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi baada ya matangazo. Nilisimama mbele ya madhabahu nikasema Nakundwa hakuiba, nikasema mimi ndiye niliyeacha kitu cha watu kwenye mvua, na kwamba nilikitambua kipande chake tangu kilipogusa mkono wangu. Watu walitazama sakafu. Nje mama mmoja alinishika bega akasema, "Achana nayo, mambo ya vijana." Waliomsema Nakundwa walikuwa wengi, waliokwenda kumwambia babu yake pole sikuwaona.

Kisha nikaenda Same. Nilishuka Mwanga, nikapanda basi la barabara kuu, kipande chake nimekifunga kwenye leso. Bwana Mashimo alinipa bila maneno mengi. Same ilikuwa na joto na vumbi jekundu, na mimi mtu wa baridi nilijiona kama kuku aliyetiwa kwenye oveni. Nilimkuta karibu na soko, kwenye kibaraza cha shangazi yake, wanachambua tangawizi iliyoshuka kutoka milimani. Aliponiona alifuta mikono kwa kanga, akainuka.

"Karibu, dada Elisifa."

Ulisikia? Mimi nilisikia.

Alinitandikia mkeka, akaniletea chai na viazi vitamu, akaniuliza habari za mama, za mvua, za ng'ombe wetu aliyekuwa na mimba. Nilimwomba msamaha kabla chai haijapoa. Nilimpa kipande chake, akakipokea kwa mikono miwili, kama unavyopokea kitu cha mgeni.

"Nilikusamehe siku ileile," alisema. "Nilikuona unavyoogopa."

"Basi turudi nyumbani, Nakundwa. Nimeshasema kanisani. Wote wanajua."

Alichukua tangawizi moja akaikwangua udongo kwa ukucha, polepole. "Sina kinyongo, dada. Naomba uniamini. Lakini nikikutazama naona unakishika na hukigeuzi. Nimejaribu kutokuona, nimeshindwa."

Hakunishtaki. Alinieleza tu kilichopo. Alinisindikiza stendi, akanichagulia kiti upande usio na jua, akanifungia tangawizi kwa ajili ya mama. Basi lilipowaka nikageuka nimpungie, alikuwa ameshaanza kurudi.

Aliolewa huko huko Same. Nilihudhuria harusi yake, nikakaa pamoja na wageni kutoka huku kwetu milimani. Mzee Mbonea alipofariki tulisimama kaburini tukishikana mikono, naye akanishukuru kwa kufika. Sikukuu ya Krismasi ananitumia ujumbe kwenye simu, nami namjibu. Ni ule ule anaowatumia watu wote, nimeuona kwa majirani. Si adui yangu. Tena ukimuuliza atakwambia mema yangu.

Nami sikuishi vibaya. Nilipata mume mpole, nikapata watoto, nikapata marafiki wa kikundi na wa kanisa, wazuri. Lakini jino la pembe si dawa ya pengo. Hakuna aliyeniita tena lile jina fupi. Sikuwahi kulifundisha kwa mtu mwingine. Mchana nikipika peke yangu hujikuta naimba zile nyimbo za kwaya, na mimi nilijifunza sauti ya pili tu. Ukiiimba peke yake haieleweki ni wimbo gani. Nanyamaza, nawasha redio.

Sasa usikie ninalokuachia, mwanangu. Ukipewa jiwe jeusi, litazame pande zote, lipime uzito, litafutie mwanga, na kama hujui sema sijui. Hakuna aliyekufa kwa neno hilo. Hilo ni la mawe, na mawe yana subira. Watu hawana subira ya mawe. Siku utakapoulizwa habari za mtu, na wewe una hofu yako moyoni, kwanza jiulize jibu lipi linakufaa wewe, halafu lile lichunguze mara mbili kabla hujalitoa. Kujua si kazi. Kazi ni kusema unachojua siku ambayo kitakugharimu. Na ukishakosa, usilale nalo. Nenda leo, miguu ikitetemeka nenda nayo hivyo hivyo. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini anayekimbia mapema huokoa yaliyobaki mtungini. Msamaha utaupata, watu wa Mungu ni wengi. Ila msamaha na urafiki ni vitu viwili, na kimoja hakimleti mwenzake kwa kamba. Usije ukamdai mtu cha pili kwa kuwa alikupa cha kwanza.

Nenda salama, mwanangu. Mungu wa milima hii na wa tambarare akuandalie marafiki wachache wa kweli, na akupe moyo wa kuwatosha. Akulinde na neno litakalokutoka kabla hujalipima. Na ukizeeka, akujalie mtu wa kukaa naye jikoni.